Nilivyoliliwa Msiba kwa Sababu ya Ratiba ya Asubuhi

Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuimaliza, naiishi kidogo kidogo, maana mpaka leo yule mama anayeuza vitumbua mtaani kwetu Mwembesongo ananiita Marehemu. "Marehemu, leo unachukua vingapi?" Na mimi naitika, nitabisha nini, wakati mwenyewe alinililia mpaka akaunguza kikaango kizima.

Naitwa Editha, kwetu Turiani, na kazi yangu ni kutafsiri video za watu na kuziandikia yale maneno yanayopita chini ya picha. Sijaajiriwa na mtu, kazi nazipata mtandaoni, nazifanyia chumbani kwangu kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Ubaya wa kazi ya namna hii ni kwamba majirani hawaamini kama ni kazi. Wakikuona upo, basi upo. Editha nishikie mtoto nioge, Editha mtu wa gesi akija mpokelee, Editha ukiona mvua niandulie nguo. Na anayewashinda wote ni Mama Shadya wa mlango wa pili (mwanamke mwema, nampenda, akipika pilau lazima nile), ambaye hunigongea kila asubuhi kuniuliza kama nimeamka, nikisema nimeamka anaingia, na akiingia anakaa.

Lakini nisiwasingizie majirani peke yao. Mimi mwenyewe nilikuwa naamka saa mbili, nachezea simu kitandani mpaka saa nne, halafu nashangaa siku imekwenda wapi. Nikachelewesha kazi ya mteja wangu mmoja wa Dar mara mbili, na ya tatu akaniambia kwa upole kabisa, ule upole unaotisha, kwamba Alhamisi saa tatu asubuhi asipoiona video yake tusijuane. Sasa mtu mwenye akili angekaa aimalize ile video. Mimi nikafungua video nyingine, ya bwana mmoja anayeeleza jinsi watu waliofanikiwa wanavyoianza asubuhi yao: unaamka kabla ya jua, unanyoosha viungo, halafu unakaa saa nzima kimya, husemi na mtu, hushiki simu, hufungui mlango hata agonge nani. Nikaona hapo ndipo nilipokuwa nakosea maisha yangu yote.

Alhamisi hiyo nikaamka saa kumi na moja alfajiri, kazi ikiwa imebaki dakika kumi za mwisho tu, nikajua saa tatu itanikuta nimemaliza nakunywa chai. Nikanyoosha viungo (vikalia). Nikafunga komeo. Nikazima simu nikaitumbukiza kwenye sufuria na kufunika, ili nisiione nikaitamani. Redio ya Mama Shadya huamka kabla yake, kwa hiyo nikajiziba masikio kwa pamba. Halafu nikawaza, saa nzima nimekaa tu, si bora ngozi nayo ifaidike, nikachanganya manjano na mtindi nikajipaka uso mzima, nene, mpaka kwenye kope. Na kwa sababu asubuhi baridi ya mlimani huwa inashuka mpaka chumbani, nikajifunika shuka jeupe, nikakaa kwenye mkeka, mgongo kwenye kitanda, macho nimefumba.

Haikupita muda nikasikia mlango unagongwa, kwa mbali, kama unagongwa wa nyumba ya tatu. Nikajua ni Mama Shadya. Nikasema moyoni, leo utagonga mpaka mkono uote sugu. Pakagongwa tena, nikatabasamu (manjano yakapasuka kidogo shavuni), nikajiona mtu mwenye msimamo. Nikiwa katikati ya kujisifu, usingizi ukanichukua, maana mwili uliozoea saa mbili huwezi kuuamsha saa kumi na moja ukategemea uelewe.

Aliyekuwa anagonga ni mama mkwe.

Mchumba wangu anaitwa Deo, ni mwalimu wa sekondari, na mama yake anaishi Mgeta, analima kabichi. Alikuwa aje Jumamosi kuniona kwa mara ya kwanza, nami ratiba ya Jumamosi nilikuwa nimeipanga mpaka kitenge cha kuvaa. Lakini usiku wa kuamkia Alhamisi akapata nafasi kwenye lori la mboga linalokwenda Dar, akaona kwa nini asubiri. Lori likamshusha mjini asubuhi mapema na mfuko wake wa kabichi. Deo alikuwa zamu shuleni, akamtafutia bodaboda, akanipigia kunitahadharisha, akaambiwa sipatikani. Nilikuwa kwenye sufuria.

Haya yanayofuata nimesimuliwa, na kila anayesimulia anaongeza lake. Mama mkwe aligonga, akaita, akakaa kizingitini. Mama Shadya akatoka, akamwambia yumo, viatu vyake si hivi hapa. Wakagonga wote wawili. Ndipo Mama Shadya akazunguka dirishani, akachungulia pembeni ya pazia. Akaniona nimeegemea kitanda, kichwa kimelala upande, mdomo wazi, uso wa njano, shuka jeupe mpaka kidevuni, na pamba masikioni. Mama Shadya ana sauti inayofika sokoni, lakini safari hii alirudi akanong'ona, na huko kunong'ona ndiko kulikowatisha watu.

"Hatunaye. Na pamba wameshamweka."

"Nani kamweka?" akauliza mpangaji mmoja.

Wakautazama mlango, umefungwa kwa ndani, na kifo changu kikaacha kuwa cha kawaida. Kuna waliosema nimelogwa. Kuvunja mlango wakaogopa, wakasema maiti ya namna hii haiguswi bila balozi wa nyumba kumi, wasije wakajitafutia kesi. Balozi akaenda kuitwa. Wakati anasubiriwa, mikeka ikatandikwa uani, viti vikaja, moto ukawashwa, birika kubwa likatengwa. Mama Shadya akaweka picha yangu kwenye status ya simu yake watu waione, picha ya Idi, mdomo umejaa pilau, chini ameandika: Tangulia dada yetu, ulikuwa mkimya. (Sijawahi kuwa mkimya ila asubuhi ile moja.) Na aliyelia kuliko wote, wanasema, ni mama mkwe, akilia kwa jina langu, mtu ambaye hajawahi hata kuniona.

Mimi niliamshwa na kilio. Pamba ya sikio moja ilikuwa imedondoka. Nikasikiliza, nikaelewa nyumba yetu imepata msiba, na kwa kweli niliingiwa na huzuni, nikawaza ni nani, maskini, na jana wote walikuwa wazima. Jirani mwema hajifungii ndani wakati wenzake wanalia. Nikainuka na shuka langu mabegani, nikatoa komeo, nikafungua mlango. Balozi alikuwa mbele yangu, nyundo ameinyanyua.

Nikamuuliza, kwa ile sauti nzito ya usingizini, "Nani amekufa?"

Balozi ni mzee, ana fimbo, lakini sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Aliacha nyundo, fimbo na kiatu kimoja. Mama Shadya alipita katikati ya shuka zilizoanikwa akatoka nazo mpaka barabarani. Dakika moja haikwisha ua ukabaki mtupu, birika linachemka peke yake, na kwenye mkeka amebaki mama mmoja mtu mzima ambaye mguu ulikuwa umekufa ganzi. Pembeni yake mfuko wa kabichi. Nikamtazama, nikaona pua ya Deo. Magoti yenyewe yakapiga chini.

"Shikamoo mama."

Akauvuta mfuko wa kabichi karibu yake.

"Marahaba," akasema taratibu, kama anayejaribu kama neno litashika. "Wewe ndiye Editha?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mzima?"

"Mzima, mama."

"Basi toa hiyo pamba tuongee."

Nikaitoa. Nikamweleza habari ya ratiba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upuuzi wangu kwa masikio yangu mwenyewe. Deo akafika na walimu wenzake wawili, macho mekundu, akanikuta nimepiga magoti na uso wa njano unaobanduka, akashindwa kuamua acheke au anikasirikie, akakaa tu chini.

Saa nne nikaitoa simu kwenye sufuria. Mteja wa Dar, ambaye ile picha ya Mama Shadya ilishasambazwa mpaka ikamfikia, alikuwa ameandika: Poleni sana wafiwa, kazi ya marehemu tumempa mtu mwingine. Nikampigia, aliposikia sauti yangu akakata. Nikamwandikia kwamba mimi ni mzima, akajibu kwamba anayetumia simu hii amheshimu marehemu. Yule mteja sikumpata tena.

Mama mkwe niliogopa kumpoteza naye. Alikaa kwetu mpaka Jumapili, akanitazama kila nilichofanya. Siku ya kuondoka Deo ndiye aliyemuuliza anaonaje.

"Huyu nimeshamlilia," akasema. "Nikimkataa sasa, machozi yangu nitamdai nani?"

Nimeapa sitajifungia tena asubuhi, wala sitaipanga asubuhi yangu kwa ushauri wa mtu ambaye hajawahi kupanga chumba Mwembesongo. Siku hizi naamka saa kumi na mbili, natoka na uso wangu mtupu, nazunguka mlango kwa mlango nasalimia, natoa shikamoo zote zinazodaiwa, namfikia mpaka balozi, naye ananitazama miguu kwanza kabla ya kuitika. Inanichukua karibu saa nzima. Nikirudi nafungua kompyuta, dirisha nimeliacha wazi, na mpaka adhuhuri hakuna anayenigongea, kwa sababu kila mmoja ameshahakikisha kwa macho yake kwamba napumua.