Siku Niliyopaka Ndevu Masizi

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikimwachia mke wangu ataitia chumvi, na iliyomo inatosha.

Mnajua reli ilipofika Morogoro mimi nilikuwa nimeshastaafu ualimu, nakaa zangu Matombo na migomba yangu, mara ikaja barua kutoka pwani, ya Petro, tuliyesoma naye chuo cha walimu kule misheni, akisema yeye na Severini nao wameacha kazi na watapanda garimoshi waje kuniona. Severini! Jamani, Severini aliyelala kitanda jirani na changu miaka mitatu, aliyekuwa akinisahihishia hesabu kabla padri hajazikagua! Nikajibu siku hiyohiyo, na kwa ile furaha (hapa ndipo nilipoanza kujichimbia shimo) nikaandika kwamba sijazeeka hata kidogo.

Shida ni kwamba ndevu zilikuwa nyeupe pepepe.

Basi asubuhi ya siku yenyewe, tukiwa kwa shemeji yangu pale Morogoro mjini, nikakwangua masizi ya chungu, nikachanganya na mafuta ya mbarika, nikapaka ndevu, nyusi na vile vinywele vilivyobaki. Mke wangu akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Baba Klara, unakwenda kupokea wageni au kuwafukuza?"

Nikavaa kanzu yangu ya Pasaka, tukatoka.

Garimoshi likachelewa, jua likawaka, nikahisi kitu kinateremka shingoni (nilidhani inzi, nikafuta kwa mkono wa kanzu), halafu honi ikalia, moshi, kelele, nami mzee mzima nikatimua mbio nikiita, "Severini! Severini!" Petro akashuka kwanza, akageuka kumshika mtu mkono, akamshusha hatua kwa hatua. Alikuwa Severini. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, haoni kitu. Petro hakuwa ameniandikia, kumbe Severini mwenyewe alimkataza.

"Anselmi yuko wapi?"

"Niko hapa, ndugu yangu."

"Sogea nikuone."

Akanishika uso kwa mikono miwili, akapapasa nyusi, mashavu, ndevu, machozi yanamtoka na mimi yananitoka, kisha akajifuta machozi yake kwa mikono ileile. Ndugu zangu! Uso wote ukawa mweusi tii, na tulipokumbatiana kanzu yake nayo ikapata fungu lake. Akina mama wauza ndizi wakashikana wasianguke kwa kicheko, hata askari wa Mjerumani akatupa kisogo, mabega yanamtikisika.

"Wanacheka nini?" akauliza Severini.

Hapo ningesema kweli yangeisha. Nikasema, "Kuna mzee kajikwaa."

"Maskini! Twende tukamwinue."

Akaanza kukata umati na bakora yake, uso ule ule, akiinua mkono kwa kila anayemsikia karibu. "Tumsifu Yesu Kristu! Yuko wapi mzee aliyeanguka?" Watu wakavunjika mbavu. Mke wangu alikuwa amejifunika khanga usoni. Na kila Severini alipogeukia kicheko kilimfuata, mpaka akasimama, mkono ukashuka.

"Petro," akasema polepole, "wananicheka mimi? Kwa ajili ya macho?"

Nikapaza sauti, stesheni nzima isikie:

"Ni mimi, Severini! Mimi nimejipaka masizi ndevu nikufiche uzee wangu, na sasa nimekupaka na wewe. Hakuna mzee aliyeanguka. Nimekudanganya."

Severini akanusa vidole vyake.

"Mbarika," akasema. Kisha: "Anselmi, yaani umejipamba kwa ajili ya kipofu?"

Akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake, Petro akaegemea mgongo wake akilia kwa kucheka, mke wangu akaleta maji na sabuni, tukaoshana pale pale, vizee vitatu, mbele ya watu wote.

Walikaa Matombo mpaka mvua zikaanza, tukaongea mpaka sauti zikakauka, na kila asubuhi Severini alinipapasa kidevu akanusa kabla ya kunisalimia. Wenzangu wananitania kwa masizi, sawa, wanitanie. Mimi nililoapa ni jingine: rafiki akiniuliza watu wanacheka nini, namjibu kweli papo hapo, iwe nimefedheheka kiasi gani. Masizi yaliyobaki yalitoka kwa sabuni siku ya pili. Ile sauti yake akimwuliza Petro kama wanamcheka yeye, bado naisikia.