Mifuko ya Mchanga ya Vahwere

Kwa Vahwere, gari hupimwa likiwa limeshiba. Ndivyo wanavyosema madereva wa Bunia, na Vahwere mwenyewe hulipenda neno hilo kuliko salamu. Kwado yake, pale anapoziba na kujaza matairi, iko kando ya barabara ya Kasenyi: kibanda cha mabati, kompresa yenye kikohozi cha mzee, na mifuko ya mchanga iliyopangwa ukutani. Gari likija kunyooshwa magurudumu, kazi ambayo hapa kila mtu huiita paralelisme, kwanza hulipakia mifuko ile mpaka lilalamike. Kisha huvuta uzi ubavuni, kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, hupiga magoti na kutazama.

"Gari ya hapa haitembeaka vide," huwaambia wanaoshangaa. "Sasa juu ya nini niipime vide?"

Hapo ana haki. Gari linaloondoka Bunia vide, bila mzigo, ni gari lililoibiwa. Ila ana kiburi pia, tusifichane. Tangu ahamie hapa kutoka Butembo na mkewe Mbambu, hajawahi kumruhusu mteja kupima tena hewa nyuma yake, baada ya yeye kuijaza. Ukimwomba akuazime kile kipimo chake ujionee mwenyewe, atakitia mfukoni na kukuonyesha barabara.

Binti yake mkubwa ni Bijou, mama wa watoto wawili, anayeteremka Kasenyi, ziwani, na Toyota yake kuchukua samaki na kuwapandisha mjini. Mteremko ule una kona za kutisha, lakini Vahwere ameuzoea woga huo, kwa sababu ni woga wa kazi. Siku Bijou alipokuja na habari nyingine, mzee aliangusha spana.

"Baba, dimanche niko naingia mu course."

"Course ya nini?"

"Ya magari. Kule kwa piste."

"Samaki imekuchosha?"

"Hapana. Nataka tu."

Piste hiyo ni shimo la zamani la changarawe, njia ya Nyankunde, ambalo vijana wenye magari wamelisawazisha na kulizungushia tuta la udongo. Huzunguka humo kwa mbio za mashindano Jumapili baada ya ibada, na watu huja kushangilia. Vahwere alikuwa na mengi ya kumwambia binti yake. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi, na Bijou alikuwa amekwisha kukauka zamani. Mbambu naye hakumsaidia.

"Ukikatala, ataenda kwa kwado ingine," alisema. "Afazali weye."

Tuelewane kuhusu woga wake. Vahwere huwa hazioni ajali. Huletewa matairi tu. Gari likipinduka, kinachopona huuzwa, na matairi hufika kwake. Mwaka mmoja, jioni, aliletewa tairi, akaligeuza, akakuta kiraka cha mkono wake mwenyewe, kile cha pembe za mviringo asichokata mtu mwingine mjini. Tairi lilikuwa la Gérard, rafiki aliyekula naye asubuhi ile. Alijua kabla wenye msiba hawajaanza kulia. Tangu siku hiyo, kila tairi lisilo na mwenyewe hulitazama kwanza kutafuta kiraka.

Basi Ijumaa alilipokea gari la Bijou, na akafanya jambo la kipumbavu. Alilipakia mifuko. Akavuta uzi, akayafunga magurudumu ya mbele yatazamane kidogo, kama miguu ya mtoto anayeanza kutembea, ili gari lipende kwenda moja kwa moja na lichukie kona. Kisha akajaza hewa kilo tatu na zaidi, kipimo cha Kasenyi, tairi likawa gumu kama ukuta.

"Wengine wanapunguzaka pression, baba," Bijou alisema. "Juu gari itakuwa vide."

"Wengine si miye."

Moyoni alijipangia hesabu nzuri. Kipimo hiki kimemrudisha nyumbani kila safari. Kwenye piste kitamfanya awe wa mwisho, watu watamcheka kidogo, atakasirika, ataacha. Mtoto atabaki kwake, na baba hatakuwa amesema hapana. Alipomaliza akaishusha mifuko na kulipiga gari kofi mgongoni, kama mtu aliyefanya wema.

Jumamosi ilikuwa siku ya kujaribu piste, na mzee alikwenda kutazama. Bijou aliondoka vizuri. Kwenye kona ya kwanza gari tupu likaanza kudunda juu ya matairi yale magumu, likigusa udongo na kuuacha. Bijou akakata usukani. Magurudumu yakageuka, gari likakataa. Likaenda moja kwa moja, vile vile lilivyofungwa liende, hadi kwenye tuta walipokuwa wameketi akina mama wanaouza mandazi. Wakaruka. Beseni likapinduka. Gari likapanda tuta na kubaki limening'inia, gurudumu moja likizunguka hewani.

Hakuna aliyeumia. Vahwere aliyajua hayo baada ya wengine wote, kwa sababu alikuwa bado anavuka piste.

"Arudi kwa samaki yake!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka. Orly, kijana anayesimamia mashindano, akaja mbio. Ni mtu wa haki.

"Bijou, kama ni gari haiko sawa, sema, mutaitengeneza. Kama ni weye, kesho usikuye."

Bijou alimtazama baba yake, aliyekuwa amefika sasa, halafu akapangusa udongo usoni.

"Ni miye," alisema. "Niliingia na mbio sana. Unipatie nafasi moja tena, Orly."

Orly alifikiri, akakubali. Vijana wakalishusha gari kwenye tuta, nao wakarudi mjini. Walipofika kwado, mzee alimgeukia binti yake.

"Bijou. Ile pression, ni miye."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilipiga tairi teke mbele ya kuondoka. Ilikuwa nguvu. Na volan ilikuwa inajirudisha tu katikati. Gari ni yangu, baba, naijua."

"Sasa ulinyamaza juu ya nini?"

"Nilisema mu moyo, baba ndiye alifunga. Hawezi kunipa kitu mubaya."

Vahwere alikaa juu ya mfuko wa mchanga na kulia. Hakujificha. Alisema kwamba aliogopa, kwamba alitaka ashindwe tu, arudi nyumbani. Akataja jina la Gérard. Bijou alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumwonea huruma haraka.

"Ungesema hapana," alijibu. "Ningekasirika, ingeisha. Leo ningekanyaga mama wa watu, baba. Na jina la kuua lingekuwa langu."

Mzee alisimama, akachukua uzi. Bijou akaenda kuinua mfuko wa kwanza, kwa mazoea.

"Acha mifuko," baba yake akasema. "Ingia weye."

Aliingia, akakaa nyuma ya usukani, na gari likainama kidogo upande wake. Miaka yote ile mzee hakuwahi kupima gari likiwa na dereva ndani; dereva alikuwa mtu wa kusimama nje akingoja. Alipiga magoti, akavuta uzi, akaona nafasi kati ya uzi na gurudumu imebadilika. Akalegeza vyuma vya usukani, akageuza, akakaza, akarudi kutazama. Magurudumu ya mbele yakaacha kutazamana. Kisha akatoa hewa mpaka kilo moja na nusu, matumbo ya matairi yakakaa chini, na yale ya nyuma akayabakizia hewa zaidi kidogo ili mkia ukubali kuzunguka. "Kaa vizuri," alisema kila mara, naye Bijou akajibu, "Ndiyo, baba."

Jumapili jua liliwaka. Hewa iliyopimwa kivulini huvimba juani, kwa hiyo Vahwere alilizunguka gari tena kwenye mstari wa kuanzia mbio, akapunguza pale palipozidi. Alipomaliza hakukitia kipimo mfukoni. Alikipitisha dirishani.

"Pima nyuma yangu," alisema.

Bijou alikitazama kile kipimo, kisha uso wa baba yake. Angeweza kumrudishia na kusema ninakuamini, na mzee, sema kweli, alitamani hivyo. Lakini Bijou alishuka, kofia yake ya chuma ikiwa kichwani, akainama kwenye gurudumu la kwanza. Akapima yote, hakuruka hata moja, huku injini za wengine zikinguruma na Orly akimpungia mkono afanye haraka. Vahwere alisimama pembeni na kungoja, kama wateja wake wanavyongoja.

"Iko sawa," Bijou alisema, akamrudishia kipimo, akaingia.

"Basi enda," baba yake akamwambia. Wiki nzima alikuwa hajalisema neno hilo.