Isale Koponi

Penina Elieshi Sumari ni mjukuu wa Sumari aliyechimba mfereji wa kule juu Nkoaranga kwa jembe la mkono, na ni binti wa Elieshi aliyepanga mawe ya kivuko chake, ambacho ng'ombe wanakipita hadi leo. Mama yake alibeba mchanga kichwani mpaka kanisa likasimama. Watu wa ukoo ule wakijenga kitu, kinakaa.

Ndiyo maana ile njia ya miguu kando ya mto, chini ya nyumba yake hapa Elerai, ilimkera tangu mwanzo. Zege lilimwagwa mawingu yakiwa yamening'inia, mvua ikalinyeshea bichi, mafundi wakalifunika kwa mifuko ya saruji wakaenda zao. Mwaka uliofuata wakabomoa, wakapanga vitofali. Vitofali navyo vikang'olewa, ikawekwa mifuniko ya zege juu ya mtaro wa maji. Bango la kusema ukarabati unaendelea limepauka halisomeki tena, na ukarabati bado unaendelea.

Masika moja mumewe Nathanaeli alikuwa anatoka ibadani. Mfuniko ukavunjika chini yake kama biskuti, akaingia mtaroni, nyonga ikavunjika. Alilala akigeuzwa kama mtoto mchanga, na kabla kahawa haijaiva wakamzika Nkoaranga, mgombani kwa wazee wake.

Matanga yalipokwisha, akaja Eliud, Mchaga wa Machame, msimamizi wa ile kazi. Alifuatana na mzee wa kanisa, Solomoni, na mikononi ameshika tawi la isale. Huku kwetu, Mmeru kwa Mchaga, anayekuletea isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepitia wapi, Eliud?"

"Barabara ya juu, mama. Kule mtoni kuna utelezi."

"Utelezi!" Penina akacheka bila furaha. "Fundi anaikwepa njia yake mwenyewe."

Eliud akapiga magoti. "Nimekosa, mama. Niliharakishwa, nondo hazikutosha, nikanyamaza. Nipokee."

Penina hakunyoosha mkono.

"Mama, usilitazame kama ndizi iliyooza," Solomoni akasema. "Isale halikataliwi, unajua."

"Nilijua wewe hujaota meno. Lakini isale huletwa kosa likiwa limekwisha. Hili lake liko pale chini limefungua mdomo, linangoja mwingine. Nikilipokea leo, kesho nikidai shimo lizibwe mtaniambia, si ulishasamehe?"

Eliud akaliweka tawi kizingitini, maana aliyebeba isale harudi nalo kwake. Penina naye hakuthubutu kulitupa. Akalichomeka kwenye kopo la rangi lenye udongo, akaliweka barazani.

Eliud akabadilisha mfuniko ule mmoja. Mvua za vuli zikaupasua. Wakaja wengine na mashine, wakafukua njia yote, wakaondoka. Eliud, walisema, yuko kazini Kisongo. Mama mmoja muuza maziwa akateguka mguu palepale. Kwenye kopo, isale likatoa mizizi na majani mapya.

"Limeota!" majirani wakamwambia Penina. "Kumbe umesamehe."

"Limeota koponi. Sijalipanda."

Mwaka huu magoti yamemkatalia. Mtoni hawezi kushuka, na kanisani hafiki, anausikia wimbo kwa mbali tu. Juzi akamwita Violet, binti yake wa mwisho, aache cherehani aje barazani.

"Kopo hili ni lako sasa. Limwagilie. Likifa watasema mambo yameisha. Ila usilipande ardhini. Eliud akija, au mwanawe, mshushe kwanza mtoni, atangulie yeye kukanyaga, wakati wa masika. Njia ikimbeba, mkalipande pamoja kaburini kwa baba yako."

"Na wasipokuja, mama?"

Penina akaligusa kopo ubavuni, mahali mizizi ilipoanza kulipasua bati.

"Utatafuta kopo kubwa zaidi."