Mstari wa "Nitautoa Kesho"

Ofisini walimwita Shangazi. Hakuwa na undugu na yeyote pale, ila alikuwa na miaka arobaini na tisa, na wengine wote, ukimtoa bosi, hawajafika thelathini. Aliyeanza kumwita hivyo ni kiongozi wa timu yao, binti mwembamba aliyezungumza kama mtu anayefukuzwa, na kwa sababu hiyo naye akaitwa Kasi. Shangazi alimwita mwanangu, hata siku ambazo mwanangu huyo alikuwa akimkemea.

Kabla ya hapo Shangazi alikuwa mpokea simu wa hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Alikaa kwenye chumba kidogo mbele ya ubao wenye matundu na waya, akiunganisha wodi na maabara, daktari na mkewe, mlalamikaji na mtu wa kumlalamikia. Kisha siku moja wakaja mafundi wakaung'oa ule ubao, wakaweka mashine inayojibu yenyewe: bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza mpaka uchoke. Wenzake walichukua viinua mgongo vyao wakaenda nyumbani kupumzika. Yeye alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaenda kujiandikisha darasa la kutengeneza programu za kompyuta. Watu walicheka, tena si kwa siri. Mumewe, fundi cherehani, ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Nenda, mke wangu," alimwambia. "Jikoni nitaingia mimi. Chumvi ikizidi tutakunywa maji."

Alisoma miaka miwili. Kila zoezi alilifanya mara tatu, na yote aliyatunza, yaliyofaulu na yaliyoharibika, kama mama anayetunza nguo za watoto waliokwisha oa. Alipoajiriwa aliyahamishia yote kwenye kompyuta ya kazini, ili akikwama apate pa kuchungulia. Mwanzoni hata kompyuta haikujua kama hilo lingekuja kuwa tatizo.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro: meza sita, feni mbili, na birika la umeme lililokaa mahali pa heshima karibu na dirisha. Birika hilo lilikuwa na sababu. Kila asubuhi, watu wakishafungua kihariri, yaani ile programu ambamo msimbo, ile lugha ya kuiagiza kompyuta, huandikwa na kurekebishwa, kilikuwa kinaganda dakika sita au saba. Kishale hakisogei, herufi haziandikiki. Basi wote huinuka kwa pamoja kwenda kwenye birika, na kikiganda tena mchana huinuka tena. Walikuwa na chai ya kwanza, chai ya pili na chai ya dharura. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Vihariri ndivyo vilivyo, walisema, kama watu wanavyosema mvua ndivyo ilivyo.

Palikuwa na desturi nyingine pale, nayo waliipenda kweli. Mfanyakazi mpya alipoingia, siku ya kwanza hukabidhiwa folda iitwayo Urithi, ambayo ndani yake mna mipangilio yote ya kihariri: rangi, ukubwa wa herufi, njia za mkato, mambo mia mbili na arobaini, kila jambo mstari wake. Aliyetangulia humnakilia anayefuata huku wengine wakipiga makofi. Sharti lilikuwa moja tu: Urithi hauguswi. Shangazi naye alipigiwa makofi, na aliona fahari.

Ila kihariri chake hakikuganda dakika saba. Kiliganda dakika arobaini. Na kikizinduka, msimbo wote ulikuwa umepigiwa mistari myekundu chini, kama daftari la mtoto mtoro. Jina hili limeshatumika. Hiki kimeshaelezwa kwingine. Kitu hiki hakijulikani. Msimbo uleule ukifunguliwa kwenye kompyuta ya Kasi ulikuwa safi, hauna hata doa.

"Shangazi, shida ni mkono," Kasi alimwambia ile Jumanne. Hakusema kwa ubaya, lakini alisema mbele ya watu. "Unabonyeza vitu bila kujua."

Jumanne hiyo zilikuwa zimebaki siku tatu. Muda wake wa majaribio, miezi mitatu, ulikuwa unaisha Ijumaa saa kumi, na kabla ya hapo alitakiwa awe amemaliza kazi yake ya kwanza: ukurasa wa kuwakumbusha wagonjwa wa zahanati siku zao za kurudi. Akimaliza, anapewa barua ya ajira. Asipomaliza, anashukuriwa. Alikuwa nyuma wiki mbili, na si kwamba hakujua kuandika. Alikuwa hapati mahali pa kuandikia.

Jioni alimweleza mumewe yote.

"Naogopa," alisema. "Wote waliocheka watakuwa walisema kweli."

Mumewe alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa. "Mashine yangu ikiruka mshono, huwa nabadilisha nini?"

"Sindano."

"Ikiendelea?"

"Uzi."

"Umewahi kuniona nabadilisha mkono?"

Jumatano asubuhi wenzake walipokwenda kwenye birika, Shangazi hakuinuka. Alitoa daftari na kalamu, akavua saa ya mkononi akailaza mezani. Kwanza alikiwasha kihariri kikiwa kitupu, bila viongezo, vile vipande vya ziada vinavyopachikwa baadaye, wala mipangilio yoyote, kama kilivyotoka kiwandani. Kikafunguka papo hapo. Akaufungua ule ukurasa wa zahanati. Hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Aliandika kwenye daftari: Msimbo mzima. Mkono mzima. Neno mkono akalipigia mstari mara mbili, maana na yeye ana moyo.

Kisha akarudisha viongezo tu. Bado safi. Akarudisha Urithi. Kikaganda palepale. Basi mchawi alikuwa ndani ya mistari ile mia mbili na arobaini, na mwenye haraka angeanza kuisoma mmoja mmoja mpaka macho yamtoke. Shangazi hakufanya hivyo. Kule hospitalini, simu zote zilipovamiwa na mkoromo, hawakukagua waya mmoja mmoja. Walichomoa nusu ya ubao. Mkoromo ukiisha, mbaya yumo kwenye nusu iliyochomolewa; ukiendelea, yumo kwenye iliyobaki. Kisha nusu ya nusu, na nusu yake tena, wakati madaktari wanafoka.

Akatunza nakala ya Urithi pembeni, asije akaambiwa ameharibu mali ya ukoo, akaanza kukata. Mia na ishirini: kinaganda. Sitini: hakigandi, kwa hiyo mbaya yuko kwenye sitini ile mingine. Thelathini. Kumi na tano. Kasi alipita na kikombe chake, akaona mipangilio imekatwakatwa, akashika kiuno.

"Shangazi! Unagusa Urithi?"

"Naugusa, mwanangu. Hata maiti huguswa ili aoshwe."

Kasi alicheka bila kutaka, akavuta kiti. Nane. Nne. Mbili. Mara ya nane ulibaki mstari mmoja, wa mia moja na kumi na saba. Ulikuwa unakiamuru kihariri kisiishie kusoma kazi iliyo mbele yake, bali kisome kila faili lililomo kwenye kompyuta na kuyachukua yote kuwa ni kazi moja. Ndiyo maana kompyuta za wenzake zilikuwa zinahema dakika saba. Na ya Shangazi, iliyobeba mazoezi ya miaka miwili, ilikuwa inayapitia yote, kosa kwa kosa, kisha inamgombeza kwa makosa ya darasani aliyokwisha kuyatubu.

Pembeni ya mstari palikuwa na maelezo mafupi: *Wa muda tu. Nitautoa kesho.* Na tarehe ya miaka tisa nyuma.

Walitazamana. Miaka tisa nyuma ofisi ile ilikuwa na mtu mmoja tu. Sasa mtu huyo alikuwa nyuma ya mlango wa kioo, amekunja uso kwenye simu, na ndiye atakayetia sahihi Ijumaa, au asitie.

"Sikiliza, Shangazi," Kasi alinong'ona. "Futa kwako. Maliza kazi yako, chukua barua yako. Haya mengine tutayasema mwezi ujao, ukishakuwa mtu wa hapa. Bosi hapendi kuaibishwa."

Ulikuwa ushauri mzuri, nao ulitoka kwenye roho safi. Shangazi akaufuta mstari kwake, akafanya kazi kama mtu aliyefunguliwa pingu. Alhamisi jioni ukurasa wa zahanati ulikuwa umekamilika, akaujaribu mara kumi na haukumwangusha. Angeweza kunyamaza. Na nikwambie kweli, alitaka kunyamaza. Lakini Ijumaa asubuhi wenzake walipoinuka tena kwa pamoja kwenda kusubiri, yule wa meza ya dirishani akilalamika kwamba kompyuta yake imezeeka na yeye huenda hana kipaji cha kazi hii, moyo ulimuuma. Alimjua mtu wa namna hiyo. Alikuwa yeye mwenyewe, ile Jumanne.

Akabisha kwenye mlango wa kioo kabla hajajihurumia.

"Bosi, nina neno. Nisamehe, linakuhusu."

Alilisema lote bila kupamba, daftari likiwa wazi mezani: nusu, nusu, nusu, mstari, tarehe. Bosi alisikiliza bila kupepesa jicho. Alipofika kwenye *nitautoa kesho*, bosi alinyanyua mkono amnyamazishe, akaigeukia kompyuta yake, akafungua mipangilio yake mwenyewe. Akashuka hadi wa mia moja na kumi na sita. Chini yake ukafuata mwingine kabisa. Ule mstari haukuwepo.

"Niliutoa," alisema polepole. "Kesho yake, kama nilivyoahidi. Nakumbuka. Niliutoa kwangu. Ile folda nilikuwa nimeshamnakilia mtu wa pili."

Akatazama nje kupitia kioo. Watu watano walikuwa wamesimama kuzunguka birika, vikombe mkononi.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa najiuliza hawa watu wana nini na chai. Nilidhani mnaipenda."

"Wengine hatuipendi kabisa, bosi," alisema Shangazi.

Bosi alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtikisika, na kwa kitambo Shangazi hakujua kama amemliza mwajiri wake. Kumbe ni kicheko. Kilimtoka hadi machozi, kikamtoa na mlangoni, akasimama katikati ya ofisi akakiri mbele ya wote kwamba mchawi ni yeye. Alipita meza kwa meza na Shangazi, huyu akionyesha mstari, yule akiufuta kwa kidole chake. Vihariri vikafunguka kimoja baada ya kingine, pap, pap, na watu wakabaki wanavitazama kwa mashaka kama vimeugua. Wa meza ya dirishani alikifunga na kukifungua chake mara nne, kisha akakaa chini na kusema, "Kwa hiyo sikuwa mimi," akarudia tena kwa sauti ya chini.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema bosi, macho bado yana maji. Lakini akakumbuka yeye ni bosi. "Haya. Na ule ukurasa wa zahanati uko wapi? Barua haitolewi kwa kufuta mstari mmoja."

Shangazi akaufungua. Bosi alikaa kwenye kiti cha Shangazi, akaujaribu kwa ukatili: akaweka tarehe ya uongo, akaandika jina refu kama treni, akaweka mgonjwa asiye na simu. Ukurasa ulimkatalia palipostahili kukatalia na kumkubalia palipostahili kukubalia. Kasi alisimama nyuma yao, mikono kifuani, na bosi alipomgeukia kutaka ripoti yake ya miezi mitatu, alizungumza polepole kwa mara ya kwanza tangu wamjue.

"Niliandika kwamba mkono wake mzito," alisema. "Nilikosea. Naomba niandike upya. Shangazi, nisamehe."

"Nilishakusamehe ulipovuta kiti, mwanangu."

Saa kumi kasorobo barua ilikuwa mkononi mwake. Aliisoma amesimama kwenye ngazi, kati ya ofisi na duka la magodoro, mahali pasipo na mtu. Aliisoma kwanza akilitafuta neno majaribio, hakuliona. Akaisoma tena taratibu, sasa akisoma jina lake. Halafu akampigia mumewe. Simu ilipopokelewa, alisikia cherehani ikikimbia nyuma yake, mshono mrefu usio na mwisho.

"Wamenichukua," alisema.

Cherehani ikasimama.

"Hebu rudia, mke wangu," mumewe alisema, na sauti yake ilikuwa imeingia maji. "Sema kwa nguvu. Kuna wateja watatu hapa, mmoja ni katika wale waliocheka."

Shangazi akajiweka sawa, akashika kishikio cha ngazi kwa mkono mmoja, akarudia kwa nguvu mpaka muuza magodoro akatoka kutazama kuna nini.