Harage Katika Sikio Zima

Asubuhi niliyoondoka Ilagala sikuwa na mpango wowote. Shule nilikwisha kuiacha darasa la sita, palizi ya muhogo ilinichosha, na mtumbwi wenye injini ulikuwa unaelekea Kibirizi, mwalo wa mji wa Kigoma ambako samaki hushushwa. Nikapanda. Siku tatu nilibeba magunia ya dagaa mwaloni. Ya nne mdudu akaniingia sikioni, nikarukaruka hata wapagazi wenzangu wakanikokota hospitali.

Aliyenipokea alikuwa Afisa Tabibu wa Masikio, Pua na Koo, mtu mfupi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Mji mzima ulimwita Daktari. Alinitia mafuta ya uvuguvugu, mdudu akafa, kisha akamtoa kwa maji aliyoyasukuma kwa bomba kubwa la sindano. Mwingine angeshukuru akaenda zake. Mimi niliuliza kwa nini mafuta yametangulia maji, na ile taa yake ya kuchungulia inaona nini huko ndani.

"Kijana, umekuja kutibiwa au kunihoji?"

"Vyote viwili, mzee."

Akacheka. "Kesho saa moja. Kuna vyombo vya kuchemsha."

Siku yangu ya kwanza kazini nilichemsha vyombo na kusokota pamba kwenye vijiti. Pamba ile ilikuwa ya kukaushia masikio yanayotoa usaha, maana sikio la namna hiyo limetoboka kiwambo, yaani ile ngozi nyembamba inayopokea sauti, na dawa haifiki kama ndani kuna maji. Polepole nikajifunza mengine. Mtu anayetoka damu puani ainame mbele na kubana sehemu laini ya pua, asiinue kichwa juu akameza damu yake. Mwiba wa samaki mgebuka ukikwama kooni, usiusukume kwa tonge la ugali, utauzamisha zaidi. Na mtoto anayekohoa usimpeleke kukatwa kimeo. Daktari, mtu mpole kabisa, hilo ndilo lililomfanya apandishe sauti.

Wakati huo ndugu zetu wa Burundi walikuwa wakivuka kwa maelfu. Kambi zikafunguliwa, nami nikapelekwa katika mojawapo kuwa mhudumu wa chumba cha masikio. Daktari alikuja kila Alhamisi. Siku nyingine nilikuwa peke yangu chini ya Muuguzi Mkuu wa kambi, nikiruhusiwa kukausha usaha na kuosha nta. Nilikuwa hodari wa bomba, na nilijijua.

Jumanne moja aliingia mama aitwaye Espérance na mwanawe Eriki, wa miaka minne. Sikio la kushoto la Eriki tulikuwa tunalikausha tangu wafike. Lilikuwa limeoza njiani, halikusikia tena. La kulia ndilo aliloishi nalo.

"Tangu jana namwita hageuki," alisema mama yake. "Lile zima limeziba."

Sikuuliza zaidi. Nilimulika haraka, nikaona kitu cheusi, nikasema ni nta. Nikaosha bomba la kwanza, la pili, la tatu. Mtoto akapiga kelele. Nilipomulika tena, kile kitu kilikuwa kimejaa tundu lote, nacho kilikuwa na ganda. Lilikuwa harage la mgao. Watoto walichezea maharage mlangoni huku mama zao wakichambua, na kila aliyefanya kazi kambini alijua yanapoishia. Mimi pia nilijua. Nami nililinywesha maji likavimba kama linalowekwa sufuriani.

Muuguzi Mkuu aliita Kigoma kwa redio. Daktari hakungoja Alhamisi. Alifika mchana uleule na gari la dawa, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimweleza nje, mama asisikie.

"Kiwambo cha sikio hilo tulikiona kizima mwezi jana?"

"Kizima, mzee."

"Basi tutalinywesha spiriti, lisinyae. Wewe ingia ukamwambie mama ulichofanya."

"Mimi?"

"Bomba lilikuwa mkononi mwa nani?"

Nikaingia. Nilisema kwa Kiha changu, ambacho Mrundi anakisikia bila shida. Mama akamvuta mwanawe kwake. "Hakubaki na jingine," akasema. "Lile ndilo lililonisikia nilipomwambia akimbie." Kisha akamfunga mwanawe kitenge mikono ndani, akamkalisha mapajani.

Daktari alitia matone, akasubiri, akatia tena. Halafu akachukua ndoano nyembamba kama sindano. Sijaona mikono kama ile. Alilitoa harage kipande kwa kipande, akimsimulia mtoto habari za mbuzi mlevi, na kila Eriki aliposhtuka mkono ulisimama kabla yake. Kipande cha mwisho kilipotoka, akamulika, akavuta pumzi.

"Kiwambo kimekwaruzwa, hakikutoboka. Sasa tupime. Mama, simama nyuma yake, umnong'oneze. Kwa lugha yenu, maana mtoto hujibu ile aliyonyonya nayo."

Espérance akasimama nyuma. "Inka," akanong'ona.

"Inka!" mtoto akasema, ng'ombe.

"Igiharage."

Eriki akaziba sikio kwa kiganja, akanikazia macho mimi.

Daktari alicheka hadi akaketi. Mama akacheka akilia. Mimi nililia tu.

Baada ya hapo nilihamishiwa Ujiji, nikatumikia waganga wafawidhi watano hadi nilipostaafu. Nyinyi vijana mna vyombo ambavyo sisi hatukuviota. Lakini yule mtu wa Tanga alinifundisha kuuliza kilichomo kabla ya kumimina, na kukiri kwa aliyeumia, siyo kwa bosi peke yake. Wenye elimu kubwa niliwaona wengi. Wenye hayo mawili wachache.

Kustaafu hakukunituliza. Majuzi niliamka, nikatia tochi na shati kwenye mfuko, nikashuka Kibirizi, nikapanda boti ya kwanza iliyojaa. Ilinishusha Mwamgongo, kijiji cha kandokando ya ziwa. Nyumba ya karibu na maji, mama mmoja mtu mzima alikuwa anapasha mawese kwenye kijiko, unyoya wa kuku mkononi. Nikamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Natafuta pa kulala."

"Sema kwa nguvu, baba! Hili limeziba."

"Weka unyoya chini. Limewahi kutoa usaha?"

"Halijawahi."

"Uliingiza kitu?"

"Mimi mtoto?"

Nikamulika taratibu, nikamulika tena. Nta tupu, ngumu kama jiwe.

"Mafuta yako yapoe kidogo, matone mawili asubuhi na jioni. Siku ya nne twende zahanati wakuoshe."

"Siku ya nne!" Akanitazama, akautazama mfuko wangu. "Na wewe utakuwa wapi hizo siku tatu?"

"Ndilo nililokuwa nauliza, mama."

Akanionyesha chumba cha uani kwa unyoya. Nikaingia, nikatua mfuko.