Siku ya Kufungua Zahanati

Juzi, mjini Kitale, nilimwona mkubwa mmoja akikata utepe mlangoni mwa zahanati mpya. Nikakumbuka alasiri moja ya Tongaren, nikiwa mdogo.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hakupenda mtu aseme vibaya juu ya wakubwa. "Serikali ni baba yetu," alituambia, nami nikaamini kwamba Serikali ni mtu. Mbunge alipokata utepe wa zahanati yetu, nilikimbilia dirishani nimwone huyo Serikali. Ndani kulinuka rangi mbichi, na kulikuwa na benchi moja tu. Nikadhani ameenda kula.

Mama alikuwa amembeba mdogo wangu Nafula, mwili wake ukichemka kwa homa. Baba akavua kofia, akasimama mbele ya watu.

"Mheshimiwa, tuko na mtoto mgonjwa. Daktari ako wapi?"

"Kaa chini, mzee. Serikali inajua."

Baba akakaa. Nilifurahi, kwa sababu nilidhani amejibiwa.

"Uliza tena, Baba Nafula," Mama alisema kwa sauti ya chini.

"Si amesema wanajua?"

Watu walipiga makofi, na Baba pia akapiga. Mama hakungoja hotuba iishe. Alikaza leso mgongoni, akashika njia ya Kimilili kwa miguu.

Nafula alipona, ila hasikii hadi leo. Baba alipiga kura kila uchaguzi mpaka alipofariki, na kila mara alimpigia mbunge yule yule.