Miezi Mitatu ya Babu

Bibi alinipa kazi moja nilipoondoka Nakuru kwenda kusoma Durban: nimtafute mumewe, nimuulize anarudi au harudi.

"Nataka jibu la mdomo wake," alisema. "Barua zake zinazungumzia farasi tu."

Hakuwa akilia wala hakuwa mgonjwa. Shida yake ilikuwa ya kawaida sana. Kwenye chama cha akina mama kanisani, wajane walikuwa na siku yao na walioolewa walikuwa na yao, na kwa miaka thelathini na kitu yeye hakujua aende siku gani. Alikuwa amechoka kuulizwa.

Babu alikuwa saisi, mtunzaji wa farasi wa mbio, tangu ujana wake. Uhuru ulipokuja, mzungu aliyemwajiri alifunga virago akahamia Afrika Kusini na farasi wanane, akamwomba Babu awasindikize melini na kukaa nao hadi wazoee. Miezi mitatu, walikubaliana. Yule mzungu alikufa zamani, farasi wale nao wakafa, Babu akabaki akitunza wa watu wengine. Kwa muda mrefu sababu zilikuwepo, na zilikuwa za kweli: makaburu, vibali, mipaka iliyofungwa. Nilipofika mwaka 1997, sababu hizo zilikuwa zimekwisha miaka mitatu nyuma.

Nilipanga chumba Greyville, dirisha likitazama uwanja wa mbio. Mazizi yenyewe yalikuwa nje ya mji, mwendo wa teksi mbili, na huko ndiko nilikompata: mzee mfupi, nadhifu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye. Nilimwambia, "Babu, mimi ni mjukuu wako, mtoto wa binti yako wa kwanza." Mzulu mmoja aliyekuwa akifagia karibu naye akaacha ufagio, akacheka mpaka akajishika mbavu. Alinieleza kwa Kiingereza kwamba amefanya kazi na mzee huyu miaka kumi na miwili, na kila siku yeye mwenyewe, kwa kumwiga mzee, huwaambia farasi "tulia" na "twende, mama", lakini alidhani ni lugha ya farasi. Hakuwahi kumsikia binadamu mwingine akiitumia kwa binadamu.

"Hukumwambia?" nikamuuliza Babu.

"Hakuuliza," akasema, akaendelea kupapasa mguu wa farasi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kupapasa. Kila alfajiri alipitia farasi mmoja mmoja, akishusha kiganja kutoka gotini hadi kwatoni akitafuta joto, kwa sababu mguu wenye joto umeumia hata kama farasi hachechemei. Siku za mbio alikuja nao Greyville, nami nikashuka kumwona. Hakutazama mbio hata moja. Watu walipokuwa wakipiga kelele, yeye alisimama langoni ameupa uwanja mgongo, blanketi begani, akisikiliza kwato. Farasi wake alipopita, alijua. Awe ameshinda au ameshindwa, alimfunika blanketi vilevile, akainama kumpapasa miguu.

Nilimpenda. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini nilikaa mwaka mzima bila kuuliza nililotumwa. Nilipouliza, hakushtuka. Alisema sawa, baada ya mbio kubwa za mwezi wa saba. Mwezi wa saba ukapita, kukawa na farasi mwenye joto mguuni. Mwezi wa tisa kukawa na mwingine, mgeni kutoka Cape Town, haelewani na mtu. Nikaacha kubembeleza. Nilimwambia kuna mwanamke Nakuru asiyejua kama ni mke au mjane, na kwamba hiyo ni aibu. Akatoa pasipoti kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa mpya. Alikuwa ameishughulikia peke yake, hakuniambia.

Tulikata tiketi za ndege za Desemba.

Asubuhi ya safari nilimfuata kwa gari la jirani yangu, Mkongomani. Sanduku la Babu lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba. Babu mwenyewe alikuwa uani, amevaa suti, akimtembeza farasi jike wa kahawia aliyepatwa na msokoto wa tumbo. Farasi wa namna hiyo akilala anaweza kujiviringisha akafa, kwa hiyo hutembezwa bila kupumzika. Daktari alikuwa ameitwa, yuko njiani.

"Babu, ni saa mbili," nikasema.

"Raundi moja."

Alizunguka raundi nyingi. Jirani yangu alitazama saa, akashuka garini. "Dada, avion, ile ndege, haitangojea farasi. Iko robo saa tu, kisha tunaenda ao tunabaki."

Yule Mzulu akajaribu kuipokea kamba ya farasi mkononi mwa Babu, amsaidie kumtembeza. "Twende, Baba," akamwambia taratibu, akimwonyesha gari. "Twende." Babu hakuiachia.

Farasi alianguka kabla robo saa haijaisha, akafa daktari akifungua mkoba wake. Nilisikitika, sikatai. Lakini nilipiga hesabu pia: bado tungeiwahi ndege. Nikamwambia Babu. Alikuwa amepiga magoti vumbini na suti yake, kiganja kikishuka mguuni mwa yule farasi, kutoka gotini hadi kwatoni.

"Jirani yake hatakula leo," akasema, akionyesha farasi wa banda la pili. "Lazima mtu akae naye."

Nilikasirika. Nilikuwa na maneno mengi kuhusu nani mwingine alihitaji mtu wa kukaa naye. Niliuliza tu, "Nimwambie nini Bibi?"

Alifikiri. "Mwambie nilivaa suti."

Bibi alinisikiliza jikoni kwake Nakuru, akichambua mboga. Nilimweleza yote, pasipoti na suti na kamba na gari lililongoja, ila sikufika mwisho. Hakuuliza kama amezeeka, wala kama anaishi na mtu.

"Basi hilo ndilo jibu," akasema. Mikono yake ikasimama. "Na huyo farasi, alipona?"

Nikasema alipona.

"Afadhali," akasema, akarudi kwenye mboga zake. "Ningeumia sana kuachwa kwa ajili ya farasi aliyekufa."